Samaki wa dhahabu watatu wamekufa ndani ya siku tano: ni maji ya chumvi ya Dodoma au ni mimi?

#1 Mkazi wa Ilazo (Agosti, Jumapili usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, nyumbani kuna msiba.

Wiki iliyopita nilikuwa Dar kikazi. Nikielekea stendi nikamkuta jamaa anauza samaki wa mapambo, kawafunga kwenye mifuko ya nailoni, kaitundika mtini. Nikamkumbuka binti yangu wa darasa la pili. Nikachukua watatu, wale wa rangi ya chungwa wenye mkia kama shela ya bibi harusi, na bakuli la kioo la duara. Muuzaji akaniambia hawana shida, ni mkate kidogo tu asubuhi na jioni. Basi la saa 12 asubuhi, mfuko mapajani. Tulipofika Gairo maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto, lakini Dodoma walifika wazima.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Siku ya pili maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Siku ya tatu nikamwaga yote, nikajaza ya bombani, nikawarudisha. Usiku huohuo wawili wakalala ubavu. Wa mwisho alivumilia mpaka jana alfajiri, kakaa juujuu anafungua na kufumba mdomo kama anayetaka kusema neno.

Majirani wote hukumu yao ni moja: maji ya Dodoma yana chumvi, samaki wa mapambo hawayawezi. Na kweli birika langu lina ukoko mweupe ndani unaoweza kuubandua kwa kisu. Je, ni maji au ni mimi? Nataka kuanza upya, ila safari hii sitaki tena kuchimba kaburi chini ya mwarobaini na mtoto ameshika ua.

#2 Chekecheke

Pole mkuu. Nimekaa hapa kwenye kiroba nasubiri wajuzi.

#3 Mla Perege

Mkuu, kwa nauli ya hao samaki ungeenda Mtera ukarudi na ndoo ya perege. Na wasingekufia nyumbani, wangefika wameshakufa.

#4 Kapu la Zabibu

Pole sana kaka, na mpe pole mtoto. Kabla hatujayahukumu maji naomba unijibu. Bakuli linaingia lita ngapi? Ulikuwa unalisha mara ngapi? Yale maji ya siku ya tatu yalitoka bombani moja kwa moja au yalikuwa yamelala kwenye ndoo? Na pampu ya hewa ilikuwepo?

#5 Mkazi wa Ilazo

Bakuli nimelipima leo kwa chupa, ni lita 8. Kulisha, binti alikuwa anawatupia mkate kila akipita, na anapita sana. Maji moja kwa moja bombani. Pampu sikuwa nayo. Sikujua kama samaki anahitaji hewa, kwa akili yangu ndiyo maana anakaa majini.

#6 Kapu la Zabibu

Nimecheka kidogo, nisamehe. Basi kaka, usilisingizie jiji. Mimi niko Kisasa, nafuga hawahawa kwa maji yaleyale unayotumia wewe, na wawili wangu wana mwaka wa sita.

Samaki wa dhahabu ukoo wake ni karpi. Wachina wamemfuga zaidi ya miaka 1,000, na walimfuga kwenye mabwawa. Wa umbo la kawaida anaweza kufika sentimita 30, huyo wa mkia wa shela sentimita 15 hadi 20. Wewe umeweka watatu kwenye sufuria ya ugali.

Kilichowaua ni uchafu wao wenyewe. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Anakula kinapita, anakula kinapita, na kila saa matamvua yake yanatoa amonia majini. Mkate unaobaki chini unaoza na kuongeza amonia nyingine. Ndani ya lita 8 ni siku mbili tu tayari ni sumu. Ule uweupe uliouona ni bakteria waliozaliana kwa kushiba mkate. Halafu ukawatoa kwenye amonia ukawatia kwenye klorini ya bomba, ambayo inachoma matamvua yaleyale yaliyokwisha kuungua. Yule wa mwisho hakuwa anasema neno, alikuwa anatafuta pumzi.

Tangi zima huwa na bakteria wa makundi mawili. Kundi la kwanza linakula amonia na kutoa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linakula naitraiti na kutoa naitreti, na hiyo samaki anaivumilia mpaka siku utakapobadilisha maji. Hawa huwapati dukani kwa uhakika. Wanakuja wenyewe, wanajishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye vioo, kwenye mchanga, na huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha. Kwa hiyo tangi unaliweka mwezi mzima na zaidi bila samaki. Hapo ndipo watu wengi wanashindwa, hasa wenye watoto.

#7 Mbishi wa Kizota

Siafiki. Maji ya visima vya Mzakwe yanajulikana. Ukifua sabuni haitoi povu. Shemeji yangu alifuga samaki wa aina hiyo Arusha miaka na miaka, alipohamia huku na wizara yake wakaisha mwezi mmoja. Samaki walewale, chakula kilekile, kilichobadilika ni maji.

#8 Mwalimu wa Kemia

Mbishi, nakupa robo ya maksi.

Maji yetu yanatoka ardhini, yamebeba kalsiamu na magnesiamu, ndiyo ukoko wa kwenye birika na ndiyo ugomvi wa sabuni. Ugumu huo haumsumbui samaki wa dhahabu, anaupenda kuliko maji laini. Robo yako iko hapa: maji ya namna hii huwa na pH (kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, kadiri inavyopanda uasidi unapungua) ya juu kidogo. Amonia ndani ya maji iko kwa sura mbili, moja kali na moja isiyodhuru sana, na pH ikipanda kutoka 7 kwenda 8 ile sehemu kali inaongezeka karibu mara 10. Joto likipanda nayo inaongezeka. Kwa hiyo uchafu uleule ambao kwenye maji laini ya mlimani ungemdhoofisha samaki, hapa unamuua. Maji hayakuwaua samaki wa shemeji, yalimnyima nafasi ya kukosea.

Tofauti ni kisima binafsi. Vipo visima pembezoni mwa mji ambavyo ukionja unasikia chumvi kabisa ulimini. Hayo usiyatumie. Wala usikimbilie maji ya chupa, mengine yameondolewa madini yote.

#9 Mbishi wa Kizota

Robo nimeipokea. Robotatu tutaongea siku nyingine.

#10 Mkazi wa Ilazo

Nimewasoma wote. Kwa hiyo ni mimi. Naanza upya. Tangi la ukubwa gani kwa samaki wawili? Na hivi yale ya dukani yenye taa na kijibwawa cha plastiki yanafaa? Maana nimeona moja bei yake kama ya mbuzi.

#11 Kapu la Zabibu

Kwa wawili wa mkia wa shela, usishuke chini ya lita 115. Wa kwanza mhesabie 75, kila anayeongezeka 40. Ila kama unatengenezesha, chukua urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 182 likiwa limejaa pomoni, na wewe utajaza kama 160. Tangi kubwa linamsamehe mgeni. Dogo halisamehi.

Lile la taa waachie wenye ofisi.

Na muuzaji akikwambia uchukue na "samaki msafishaji" wa kulamba vioo, mwambie asante. Akinenepa huyo anawalamba samaki wa dhahabu ubavuni, anakula ute wao, wanabaki na vidonda. Kioo utafuta mwenyewe.

#12 Fundi Vioo Majengo

Wakuu mmenigusa. Mimi kazi yangu alumini na vioo, matangi nimetengeneza matatu, mawili yanashika maji, nisiwadanganye.

Kwa kimo cha 45 tumia kioo cha milimita 8, na juu weka mikanda miwili ya kioo kuvuta mbele na nyuma visifunguke. Kingo zisuguliwe. Silikoni ndiyo penye siri. Mnunulie fundi mwenyewe. Iwe ile inayonuka siki ukiifungua, na kwenye kopo isiandikwe kwamba inazuia ukungu, maana ile ya bafuni ina dawa inayoua samaki. Ikishapakwa tangi likae SIKU SABA bila tone la maji. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu nawajua wateja.

Uzito: vioo peke yake kilo 32 hivi. Ongeza maji kilo 160. Hiyo ni mifuko zaidi ya mitatu ya saruji. Meza ya tivii msahau.

#13 Mkazi wa Ilazo (Septemba)

Wakuu, mrejesho.

Tangi lilikamilika Jumatano. Ijumaa nikasema silikoni imekauka, nimeibonyeza kwa kidole haishiki. Nikajaza. Jumamosi saa 10 alfajiri mke wangu ananiamsha, zulia la sebuleni linatoa sauti chini ya kandambili. Kona ya nyuma ilikuwa inavuja uzi mwembamba kama sindano.

Fundi Vioo usiseme chochote.

#14 Fundi Vioo Majengo

Sijasema.

Kwangua silikoni ya kona nzima ndani kwa wembe, usiweke kiraka juu ya ya zamani, mpya haishiki kwenye kuukuu. Futa kwa spiriti, paka upya, halafu siku saba. Saba, bosi wangu.

#15 Mkazi wa Ilazo

Limeshika! Nimesubiri nane, moja ya adabu.

Fundi wa kuchomelea kanitengenezea stendi ya bomba za mraba, juu mbao nene, juu yake sponji jembamba la kulalia kioo. Nilipoweka pima maji nikakuta upande mmoja umeshuka kama unene wa shilingi mia. Nilitaka kupuuza, nikalikumbuka zulia. Tumeweka kipande cha bati chini ya mguu.

Mawe nimeokota kule chini ya mlima Imagi. Mwalimu alinielekeza inboksi nidondoshee siki: jiwe likitoa povu ni la chokaa, litaendelea kuongeza ugumu wa maji, liache. Yangu yote kimya. Ni makubwa kama ngumi, kokoto sijaweka kwa sababu nimeambiwa hawa wanatafuna chochote kinachoingia mdomoni na kokoto inakwama kooni.

Maji nimejaza, nikayaacha siku mbili na pampu ya hewa inatokota ili klorini iondoke. Chujio ni la sponji, linasukumwa na pampu hiyohiyo. Na Mungu ambariki Kapu la Zabibu, amenipa sponji moja kutoka kwenye tangi lake, imebeba bakteria tayari. Nimeifuata Kisasa kwa bodaboda, ndani ya mfuko na maji yake. Anasema kwa mbegu hiyo wiki 6 zinaweza kuwa 2 au 3. Nitaiweka leo jioni nikitoka kazini, ipo kwenye beseni jikoni.

#16 Mkazi wa Ilazo (siku hiyohiyo usiku)

Nimerudi. Sponji iko kwenye kamba ya nguo. Mke wangu aliikuta kwenye beseni inatoa tope la kahawia, akaona aibu mgeni asije akaiona. Ameifua kwa sabuni ya unga, akaisuuza mara tatu, ameianika. Kusema kweli imetakata.

#17 Chekecheke

😂😂😂 Mkuu nimeamsha nyumba nzima.

#18 Binti wa Kondoa

Msimlaumu wifi yetu. Kama ulimwambia "usiiguse" bila kumwambia kwa nini, unamlaumu nini? Tope lenye thamani ndiyo kwanza tunalisikia leo.

#19 Kapu la Zabibu

Binti wa Kondoa kasema kweli. Mwambie wifi sina kinyongo. Hiyo usiitumie tena, sabuni haitoki yote. Yangu iliyobaki siwezi kuikata mara ya pili, samaki wangu watakosa. Kwa hiyo unarudi kwenye njia ndefu.

Tangi tupu unalilisha kana kwamba lina samaki: chembechembe za chakula kidogo kila siku, zinaoza, zinatoa amonia, bakteria wanaitwa na harufu ya karamu. Pampu usizime. Nunua kipimo cha maji cha matone, hata kama bei yake ni kubwa kuliko ya samaki wote. Amonia itapanda, kisha itashuka. Naitraiti itapanda, nayo itashuka. Siku ukiweka chakula na kesho yake vyote viwili vinasoma sifuri, siku hiyo njoo kwangu, nina vifaranga viwili vya kukupa.

Na kuanzia leo sponji ya chujio ikijaa, unaikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi uliyoyatoa. Si bombani. Bomba lina klorini, inaua bakteria kama ile sabuni.

#20 Mkazi wa Ilazo (Oktoba)

Wiki ya tatu nalisha maji. Binti ameacha kuuliza. Mgeni aliyekuja jana amekaa nusu saa anatazama tangi, mwishoni akauliza kwa adabu kama samaki wamejificha.

Sasa kuna jambo jingine, hili si la kemia. Mama mkwe amekuja kutoka Bahi, atakaa nasi. Mgogo wa zamani, ukimwamkia "mbukwa" anakujibu na kukuuliza hadi hali ya mifugo. Nimemweleza habari ya tangi. Akauliza, "Hawa mtakula lini?" Nikamwambia hawaliwi, ni wa kutazama. Akanyamaza. Baadaye akauliza maji yanabadilishwa mara ngapi. Nikajibu kila wiki, kama lita 50. Hakunijibu, ila usiku nikamsikia anamwambia binti yake kwamba yeye amefukua maji kwenye mchanga wa korongo kwa kibuyu, anasubiri yajae kidogokidogo, ndoo moja inaisha asubuhi nzima, na leo mkwe wake anamwagia samaki asiyeliwa ndoo mbili na nusu.

Wakuu, sikuwa na la kusema. Na wiki hii tuna mgao, simtanki iko nusu. Nimeanza kujiuliza kama hili jambo ni la mji wetu kweli.

#21 Binti wa Kondoa

Bibi ana haki. Ila kwani hayo maji unayatoa unamwaga wapi?

#22 Mkazi wa Ilazo

Kwenye shimo la bafu. Mbona?

#23 Binti wa Kondoa

Kaka! Hayo ni mbolea. Ile naitreti mnayoisema huku juu si ndiyo ileile ya kwenye mifuko ya mbolea? Sisi nyumbani tulikuwa na bwawa dogo la perege, maji yake tukimwagia mchicha, jirani mwenye samadi alikuwa anakuja kuchungulia. Hujamwaga maji, umeyapitisha kwa samaki kwanza. Mpe bibi ndoo.

#24 Mwalimu wa Kemia

Yuko sahihi. Sharti moja: siku utakapotia chumvi au dawa ndani ya tangi, maji hayo yasiende bustanini.

#25 Mkazi wa Ilazo (Novemba)

Wameingia!

Baada ya wiki 5 na siku 2 kipimo kilisoma sifuri na sifuri. Nimewaleta vifaranga kutoka Kisasa, wana urefu wa kidole gumba, mmoja wa chungwa, mwingine mweupe mwenye doa kichwani kama kofia. Mfuko nimeuelesha juu ya maji dakika 20 joto lilingane, kisha nikawa naongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano, mwisho nikawahamisha kwa kichungio, maji ya mfuko sikuyaingiza. Wamejificha nyuma ya jiwe saa nzima. Binti alilala chini na kidevu sakafuni mpaka wakatoka.

Mkate umepigwa marufuku. Tunatumia vidonge vinavyozama, wanavyovimaliza ndani ya dakika mbili, asubuhi na jioni. Jumamosi mbaazi mbichi iliyochemshwa na kumenywa, au jani la mchicha. Binti ana kijiko chake cha kupimia na hakuna anayeruhusiwa kukigusa.

#26 Mkazi wa Ilazo (siku 6 baadaye)

Umeme ulikatika jana saa 1 usiku, na lilikuwa lile joto la Novemba. Nimerudi saa 3 nakuta sakafu ina maji tena! Nikajua ni kona. Si kona. Pampu ya hewa niliiweka chini kwenye stendi, umeme ulipozima maji yakajivuta kwenye mpira yakashuka mpaka ndani ya pampu, yakaendelea kutiririka pembeni ya soketi. Nimepigwa na butwaa jinsi kampira kembamba kanavyoweza kutoa lita kumi.

Na samaki wako juu wanafungua midomo. Nimekaa mpaka saa 6 usiku na jagi, nachota namimina kutoka juu, nachota namimina.

#27 Fundi Vioo Majengo

Pampu ikae juu ya usawa wa maji, au weka vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, mpira unaikata katikati unaichomeka. Na waya wa umeme uache kitanzi kininginie chini ya soketi, tone likitiririka lidondokee hapo lisifike kwenye soketi. Ungepata ajali, si utani.

#28 Mwalimu wa Kemia

Ulifanya vizuri na jagi. Watu wanasahau jambo moja kuhusu Dodoma: tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanashika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar kwa joto lilelile. Joto nalo linapunguza. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari yanashika miligramu 9 hivi kwa lita, ya nyuzi 30 yanashika 7 na nusu. Samaki huyu raha yake ni nyuzi 18 hadi 23. Kwa hiyo usiku wetu wa Juni na Julai unamfaa bila kifaa chochote, ila Oktoba na Novemba ndiyo kiangazi chake cha hatari. Tafuta pampu ndogo ya kuchaji kama simu. Kwenye joto funika dirisha, ondoa mfuniko wa tangi, weka chupa ya maji ya barafu ielee. Usimwage barafu yenyewe, joto lisishuke ghafla. Chakula siku hiyo punguza.

#29 Mkazi wa Ilazo (siku 3 baadaye)

Kipimo cha naitraiti kimegeuka zambarau. Nilidhani tumemaliza?

#30 Kapu la Zabibu

Chujio lilikaa bila hewa usiku mzima, bakteria baadhi wamekufa. Usiogope. Badilisha robo ya maji kila siku mpaka rangi irudi. Tia chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita, yako gramu 160, yeyushe kwanza kwenye jagi. Kloridi ya chumvi inazuia naitraiti isiingie kwenye damu kupitia matamvua. Kila ukitoa maji rudishia chumvi ya kiasi ulichotoa tu. Na umwambie bibi wiki hii hakuna maji ya mchicha.

#31 Mkazi wa Ilazo

Nimemwambia. Amekasirika.

#32 Mla Perege

Kumbe bibi ameshaingia chama 😂. Swali la kweli: hawa wanaishi muda gani? Maana kwa gharama hizi nataka kujua kama ni mkopo wa muda mrefu.

#33 Kapu la Zabibu

Miaka 10 hadi 15 ukiwatunza. Kuna mmoja Uingereza aliitwa Tish, alipatikana kama zawadi ya mchezo kwenye maonyesho mwaka 1956, akafa 1999. Miaka 43. Binti wa ndugu yetu ataolewa na kuwaacha nyumbani.

#34 Chekecheke

Na wakizidi si unawapeleka tu Hombolo bwawani wakajitegemee?

#35 Mwalimu wa Kemia

HAPANA. Hafi huko, na hilo ndilo tatizo. Anafukua matope, anang'oa majani ya majini, anakula mayai ya samaki wengine, anaeneza magonjwa. Akizidi mpe mtu mwenye tangi.

#36 Mkazi wa Ilazo (Januari)

Wakuu, samahani kwa ukimya. Watu wananiuliza inboksi kama samaki wapo. Wapo. Yule wa kofia amekuwa kama sentimita 7, mwenzake kidogo pungufu. Naitraiti ilirudi sifuri baada ya siku 11. Wananifahamu nyayo: mimi nikipita hawashughuliki, binti akipita na kijiko wanakimbilia kona ya kulia hata kabla hajafika.

Mvua zimeanza, nakinga ya bati pia, nachanganya nusu kwa nusu na ya bomba. Vioo vimeanza kuota kijani upande wa dirishani, nafuta kwa kadi ya zamani ya benki.

Kuhusu mama mkwe. Nyuma ya nyumba amelima matuta matatu, mchicha na matembele, na tuta la pembeni kapanda mlenda wake. Jumamosi iliyopita nilichelewa kuamka. Saa 1 asubuhi nikasikia anagonga mlango wa chumba chetu, jambo ambalo mkwe wa Kigogo halifanyi hivihivi. Nikatoka mbio nikidhani kuna taabu. Nimemkuta kasimama na ndoo mbili tupu, kanga kaifunga kiunoni.

"Mbukwa," akaniambia. "Maji ya samaki wako yako wapi?"